Kompyuta uliyoiunda mwenyewe haina sauti: kutafuta kosa na kuchagua vifaa

Kompyuta imewaka, picha ni safi, michezo inakwenda, lakini spika ziko kimya. Au zinalia upande mmoja tu. Au zinanguruma mfululizo hata pasipo muziki. Hapo wengi huamua kwamba ubao mama umekufa, wanakwenda kununua mwingine, na wakishaufunga ule mpya tatizo liko palepale. Hasara ya namna hii inaniuma kila ninapoisikia. Chipu ya sauti iliyo kwenye ubao mama haifi kirahisi, na mara nyingi kosa liko mahali ambapo ungelikuta bila kutoa hata shilingi.

Msingi wa kazi yote ni huu: sauti ina njia yake. Inaanzia kwenye programu, inapita kwenye mfumo endeshi (kama Windows), inafika kwa draiva (programu ndogo inayoongoza chipu), inaingia kwenye chipu ya sauti, inatokea kwenye tundu, inasafiri kwa waya mpaka kwenye spika. Pima kituo kimoja, ukiridhika nenda kingine. Na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, usikilize, ndipo uguse kingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo akapata sauti hajui ni kipi kilichoponya, na siku tatizo likirudi ataanza upya.

Anzia mwisho wa njia

Chukua spika au hedifoni zako uzichomeke kwenye simu, redio au kompyuta nyingine. Zikilia, ni nzima. Zisipolia, umeshamaliza kazi. Kipimo hiki watu hukiruka kwa sababu kinaonekana cha kitoto, kumbe ndicho kinachookoa muda mwingi kuliko vyote.

Kama simu yako haina tundu la hedifoni, azima redio ndogo au televisheni. Spika za mezani zenye amplifaya ndani yake lazima ziwe na umeme, taa iwake, na kitufe cha sauti kiwe kimepandishwa. Spika kubwa zilizotolewa kwenye redio kaseti ya zamani, zile zenye nyaya mbili tupu, hazitalia zikiunganishwa moja kwa moja kwenye kompyuta, au zitanong'ona tu. Tundu la kompyuta limeundwa kulisha hedifoni au amplifaya, halina nguvu ya kusukuma spika kubwa. Zinahitaji amplifaya katikati.

Kisha angalia rangi za matundu nyuma ya kasha. La kijani ni la kutoa sauti, la waridi ni la maiki, la buluu ni la kuingiza sauti kutoka kifaa kingine. Mbao zenye matundu matano au sita huongeza la machungwa, jeusi na pengine la kijivu kwa ajili ya mfumo wa spika nyingi. Plagi sukuma mpaka usikie imeketi. Ikibaki nje kwa milimita moja tu, unaweza kupata upande mmoja, au sauti ya mwimbaji ikapotea huku ala zikisikika.

Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga, Unguja na kwingineko karibu na bahari, hewa ya chumvi hula metali. Kompyuta ikiwa imezimwa, pangusa plagi kwa pamba yenye spiriti safi ya isopropili, kisha ichomeke na kuichomoa mara kadhaa. Sauti inayokatika ukigusa waya mara nyingi huponea hapo.

Mfumo unapeleka sauti wapi?

Hili ndilo kosa linaloongoza kwenye kompyuta mpya ya kuunda. Kadi ya picha ina kifaa chake cha sauti ndani, kwa sababu waya wa HDMI na wa DisplayPort hubeba picha pamoja na sauti. Ukiunganisha monita, Windows huiona kuwa ni kifaa cha sauti na mara nyingi huipa kipaumbele, hata kama monita yenyewe haina spika. Sauti inatoka vizuri kabisa, ila inakwenda mahali pasipo na masikio.

Bonyeza alama ya spika chini kulia, fungua orodha ya vifaa, chagua kile chenye jina la Realtek, kampuni inayotengeneza chipu za sauti, au neno Speakers. Kama huoni orodha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Kidirisha kidogo cha zamani kitafunguka, na hicho ndicho ninachokipenda kuliko kurasa zote mpya za mipangilio, kwa sababu kinaonyesha kila kifaa na kipimo cha kijani pembeni yake.

Sasa piga wimbo wowote na ukitazame kile kipimo cha kijani. Kikipanda na kushuka kwenye kifaa ulichokichagua huku spika zikiwa kimya, basi programu na Windows zimefanya kazi yao. Kosa liko chini, kwenye draiva, tundu, waya au spika. Kikipanda kwenye kifaa kingine, umeshamjua mwizi: bonyeza kulia kwenye kifaa chako na uchague Set as Default Device. Kisipopanda popote, kosa liko juu, kwenye programu yenyewe. Fungua Volume mixer uone kama kivinjari au mchezo umezimwa sauti au umeelekezwa kwenye kifaa tofauti.

Katika kidirisha hichohicho kuna ukurasa wa Communications. Chagua Do nothing. Bila hivyo Windows inaweza kupunguza sauti zote kila inapodhani uko kwenye simu. Na kama sauti iko upande mmoja, fungua Properties za kifaa, nenda Levels, bonyeza Balance, uhakikishe kushoto na kulia ziko sawa.

Draiva

Fungua Device Manager, kisha sehemu ya Sound, video and game controllers. Ukiona Realtek, au High Definition Audio Device, chipu imetambuliwa. Hilo la pili ni draiva ya jumla ya Microsoft, nayo hutoa sauti bila shida. Kinachokosekana ni mipangilio ya ziada kama utambuzi wa matundu ya mbele. Ukiona alama ya mshangao ya njano, draiva ina kasoro. Usipoona kitu cha sauti kabisa zaidi ya kile cha NVIDIA, AMD au Intel, ambavyo ni vya HDMI, basi chipu ya ubao imezimwa au haionekani.

Draiva ichukue kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa ubao mama wako, kwa jina kamili la ubao lilivyochapishwa juu yake. Soma na toleo lake, mfano Rev 1.0 au 1.2, limeandikwa kwa herufi ndogo pembezoni. Watengenezaji hubadilisha chipu ya sauti kati ya toleo na toleo bila kubadilisha jina la ubao. Programu za bure zinazodai kutafuta draiva zote kwa pamoja achana nazo. Nyingi huja na mizigo usiyoihitaji.

Ukitaka kuanza upya, bonyeza kulia kwenye kifaa, chagua Uninstall device, weka alama ya kufuta draiva, kisha zima kompyuta. Zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki kwenye ubao uishe. Hatua hii ya mwisho ina maana yake: chipu ya sauti hupata umeme kidogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na kama imekwama, kuwasha upya kwa kawaida hakuiondoi kwenye mkwamo.

Fungua services.msc kwa njia ileile ya Windows na R, hakikisha Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder zinaendeshwa na zimewekwa Automatic. Kisha ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama wenyewe, kwa kubonyeza Del au F2 mara tu kompyuta inapowaka, utafute HD Audio Controller au Onboard Audio. Iwe Enabled.

Kipimo kinachomaliza ubishi

Kama bado kimya, usiendelee kubahatisha. Tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa aina ya Linux, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha. Diski yako haitaguswa. Fungua mipangilio ya sauti, chagua tundu, bonyeza kipimo cha spika.

Sauti ikitoka, chipu ni nzima, tundu ni zima, waya ni mzima, na kosa liko ndani ya Windows asilimia mia. Hapo kusakinisha Windows upya ni uamuzi wenye msingi. Sauti isipotoka kwenye mifumo yote miwili, sasa una sababu ya kushika bisibisi.

Kwa wanaotumia Linux kila siku: andika aplay -l kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri) uone kama kadi imeorodheshwa, kisha alsamixer. Bonyeza F6 uchague kadi iliyo sahihi. Safu yenye MM chini yake imezimwa, iwashe kwa herufi M. Tafuta pia Auto-Mute Mode. Ikiwa imewashwa na tundu la mbele linadhani kuna hedifoni wakati hazipo, spika za nyuma zitanyamazishwa. Mifumo mingi ya sasa hutumia PipeWire kusimamia sauti, nayo huanzishwa upya kwa systemctl --user restart pipewire wireplumber.

Matundu ya mbele ya kasha

Nyuma inalia, mbele kimya: hapa tazama mikono yako mwenyewe siku ulipounganisha. Fungua kasha, lilaze, washa tochi. Kwenye kona ya chini kushoto ya ubao, chini ya nafasi ya mwisho ya kadi, kuna safu mbili za pini zilizoandikwa HD_AUDIO, F_AUDIO, AAFP au JAUD1, kutegemea mtengenezaji. Zingekuwa kumi, lakini moja haipo, ile ya namba 8. Karibu yake kuna safu ya USB 2.0, nayo ina pini tisa, ila pengo lake liko kwenye namba 9, mwishoni kabisa. Plagi zinafanana kwa umbo, na tofauti ya pengo ndiyo inayozuia kuzichanganya. Akitokea mtu akasukuma kwa nguvu, pini hupinda, na pini moja iliyopinda inatosha kupoteza sikio moja au kuufanya ubao usijue kwamba umechomeka kitu.

Pini iliyopinda huinuliwa kwa kalamu ya risasi ile ya kubonyeza, ikiwa tupu: ingiza pini ndani ya mdomo wa kalamu uinyooshe taratibu. Mara moja, kwa utulivu. Ukiipinda huku na huko itakatika.

Makasha ya zamani hutoka na plagi mbili kwenye waya mmoja, AC'97 na HD AUDIO. Tumia ya pili. AC'97 ni mfumo wa mwaka 1997, na Intel ilileta HD Audio mwaka 2004. Ule wa zamani haukuwa na namna hii ya kuujulisha ubao kwamba plagi imeingia. Ukiunganisha AC'97 kwenye ubao wa kisasa, matundu ya mbele yatabaki kimya au yatachanganyikiwa. Baadhi ya programu za Realtek zina chaguo la kuzima utambuzi wa matundu ya mbele, na kuliwasha chaguo hilo husaidia makasha ya namna hiyo.

Kuna na suala la hedifoni za simu zenye maiki. Plagi yake ina mistari mitatu myeusi na sehemu nne za metali. Tundu la kijani la kompyuta hutegemea sehemu tatu. Sauti kwa kawaida itasikika, maiki haitafanya kazi. Dawa ni waya mfupi wa kugawanya, wenye tundu moja upande huu na plagi mbili upande ule, ya kijani na ya waridi. Ni kifaa cha bei ndogo. Baadhi ya makasha mapya yana tundu moja la mbele linalopokea plagi ya sehemu nne moja kwa moja. Humo waya wa kugawanya hauhitajiki.

Ngurumo, mluzi na mikwaruzo

Sauti ipo lakini chafu. Sehemu hii ina utajiri wake, kwa sababu kila aina ya uchafu inasema ilikotoka.

Ngurumo nzito isiyobadilika, iwe unacheza muziki au la, ni umeme wa ukutani. Kenya na Tanzania umeme huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na ndiyo unayoisikia, pamoja na mwangwi wake wa 100. Asili yake ni waya wa ardhini: ama haupo, ama vifaa viwili vimeunganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti, mkondo mdogo ukapita kwenye ganda la waya wa sauti. Chomeka kompyuta, monita na spika kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhini, kwenye soketi moja. Ngurumo ikitoweka, umepata jibu. Isipotoweka, chomoa waya wa televisheni au dikoda kama umeunganisha, usikilize tena.

Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo nyuma yake waya wa ardhini haujaunganishwa popote. Dalili yake ni kutetemeka vidoleni ukipitisha mkono juu ya kasha la chuma. Ndani ya pawasaplai kuna vichujio vinavyounganisha nyaya mbili za umeme na kasha. Kasha lisipokuwa na njia ya kwenda ardhini, hubaki na takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini unatosha kuchafua sauti na kusumbua vifaa. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa apime. Na mtu akikushauri ukate pini ya tatu ya plagi ili ngurumo iishe, kataa. Pini ile ndiyo inayokulinda waya wa moto ukigusa kasha.

Mluzi mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya au mchezo unapoanza ni jambo jingine. Huo ni uchafu wa umeme wa kadi ya picha na prosesa unaoingia kwenye waya wa sauti. Kumbuka zile pini za matundu ya mbele ziko wapi: kwenye kona ya mbali kabisa, hivyo waya wake hupita chini ya kadi ya picha kutoka pembe mpaka pembe. Hamishia hedifoni kwenye tundu la kijani la nyuma. Ukiona kimya kimerudi, upitishe waya wa mbele nyuma ya bamba la ubao, mbali na nyaya za umeme. Kama ni spika zinazopata umeme kwa USB ya kompyuta na sauti kwa plagi ya kijani, zipe umeme kutoka chaja ya simu badala ya kompyuta. Mara nyingi mluzi hukatika papo hapo.

Mikwaruzo na mikatiko midogo, hasa unapopakua faili au kuhama kati ya programu, si ya waya. Ni kompyuta kuchelewa kuipa chipu ya sauti data yake. Programu ya bure ya LatencyMon huonyesha draiva inayochelewesha, na mara kwa mara ni ya Wi-Fi au ya kadi ya picha. Sasisha hiyo. Angalia na kasi ya sampuli: weka Hz 48,000 kwenye Properties za kifaa, ukurasa wa Advanced, kwa sababu video na michezo mingi hutumia kiwango hicho. RAM iliyoharakishwa kwa XMP (mpangilio wa BIOS wa kuongeza kasi ya RAM) isiyo imara nayo huleta mikatiko. Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani ujaribu.

Wenye prosesa za AMD Ryzen wasome hapa kwa makini. AMD ilikiri mwaka 2021 kwamba mbao za mfululizo wa 500 zilikuwa na tatizo la USB kukatika, likarekebishwa kwa AGESA 1.2.0.2 (AGESA ni sehemu ya BIOS inayotolewa na AMD). Mwaka uliofuata ikatoa AGESA 1.2.0.7 kuondoa mkwamo wa ghafla uliosababishwa na fTPM, sehemu ya usalama iliyomo ndani ya prosesa, mkwamo ambao husimamisha sauti na picha kwa muda mfupi. Ubao wa B550 au X570 wa mkono wa pili wenye BIOS ya tangu enzi hizo unaweza kukusumbua hivyohivyo leo. Sasisha BIOS kwanza, na fanya hivyo umeme ukiwa wa uhakika au kompyuta ikiwa kwenye UPS; umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kukataa kuwaka.

Kuchagua vifaa kwa kuifikiria sauti

Maoni yangu hapa ni wazi: usilipe zaidi kwa ubao mama kwa sababu ya sauti. Ubao wa kawaida huwa na chipu ya daraja la ALC892 au ALC897, na baadhi ya zile za bei juu huwa na ALC1220, ambayo Realtek huipa desibeli 120 za tofauti kati ya sauti na uchafu, dhidi ya 97 za ALC892. Kwenye karatasi pengo ni kubwa. Ndani ya kasha lenye kadi ya picha inayotoa uchafu wake, na kwa spika za kawaida, hutalisikia. Fedha hiyo iweke kwenye pawasaplai. Siku ukitaka sauti safi zaidi, nunua kadi ya sauti ya USB, ambayo iko nje ya kasha, na itakufuata kwenye kompyuta nyingine.

Kadi ya sauti ya kuchomeka ndani, ya PCIe, siipendekezi kwa kompyuta ndogo. Kadi za picha za sasa ni nene na hufunika nafasi za chini yake.

Kwenye ubao wenyewe tazama soketi, yaani mahali prosesa inapokaa, kwa kuwa ndiyo inayoamua aina ya RAM. AM4 ya AMD hutumia DDR4, AM5 hutumia DDR5 tu, na LGA1700 ya Intel ina mbao za aina zote mbili, kwa hiyo soma jina la ubao mpaka herufi ya mwisho. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 lakini mkato wake uko mahali tofauti, haziingiliani. Ukiwa na vipande viwili vya RAM kwenye ubao wa nafasi nne, viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Ukinunua B450 ya zamani pamoja na Ryzen 5000, hakikisha BIOS imesasishwa, au ubao una kitufe cha kusasishia bila prosesa.

Prosesa za Intel zenye herufi F, kama i5-12400F, hazina picha ndani yake. Ryzen 5 5600 nayo haina, 5600G inayo. Maana yake, monita ukiichomeka kwenye HDMI ya ubao hutapata picha wala sauti. Chomeka kwenye kadi ya picha.

Pawasaplai ndiyo kifaa ambacho watu huokoteza, na ndicho kinacholisha kila kitu, chipu ya sauti ikiwemo. Kadi ya picha ya RX 6600 hula wati 132 na AMD hupendekeza pawasaplai ya 450. RTX 3060 hula 170 na NVIDIA hupendekeza 550. Chukua ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, ya ufanisi wa umeme, na dhamana ya miaka. Ile isiyo na jina inayokuja bure ndani ya kasha, yenye uzito wa kopo tupu, iondoe. Na kama unataka kujenga kutoka kwenye kompyuta za ofisini zilizotumika Ulaya, jua kwamba OptiPlex 7020 na 9020 za Dell hutumia plagi ya umeme ya pini 8 badala ya 24 za kawaida. Pawasaplai ya dukani haitaingia bila kiunganishi.

Kasha lichague lenye feni za milimita 120 au zaidi, kwa kuwa feni kubwa husukuma hewa ileile kwa mzunguko wa polepole, bila kelele nyingi. Kelele ya feni huingia kwenye maiki yako hata kama wewe umeizoea.

Hedifoni za ohm 32 zinatosha kwa tundu la ubao. Za studio zenye ohm 250 zitalia kwa unyonge bila amplifaya. Kwa anayerekodi mahubiri, masimulizi au matangazo, tundu la waridi lina volti chache tu na mchujo duni. Nunua maiki ya USB, au kifaa cha kurekodia chenye volti 48 kama maiki yako ni ya kondensa. Ukilazimika kutumia tundu la waridi, fungua Levels za maiki, shusha Microphone Boost mpaka desibeli 10, kisha sogeza mdomo karibu na maiki.

Kupima kabla ya kulipa

Ukinunua ubao wa mkono wa pili, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, usiridhike na kuona picha tu. Nenda na hedifoni za waya na ile flashi ya Ubuntu. Mwambie muuzaji mapema, kwa heshima: "Kaka, naomba niusikilize kabla sijalipa." Muuzaji mwenye mali safi hatakataa. Washa, fungua tamino, andika speaker-test -c 2 -t wav. Utasikia sauti ya mtu ikitaja kushoto, kisha kulia. Sikiliza kila upande ukiwa peke yake. Tikisa plagi taratibu, sauti isikatike. Hamia kwenye tundu la waridi, rekodi maneno machache kwa maiki ya plagi, uyasikilize. Kisha mulika pini za HD_AUDIO kwa tochi uzihesabu: tisa, zote zimesimama wima.

Kama ubao hauwaki kabisa, tazama vitaa vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT; kinachobaki kimewaka kinaonyesha palipokwama. Mbao zisizo na vitaa hivyo hupiga mlio kupitia spika ndogo ya kuchomeka kwenye pini nne zilizoandikwa SPEAKER. Spika hiyo haiji tena na mbao nyingi, hivyo nunua yako uibebe. Mpangilio wa milio hutofautiana kati ya BIOS za AMI na za Award, kwa hiyo uhesabu na uusome kwenye kitabu cha ubao husika. Ukiridhika, omba risiti yenye namba ya ubao na siku za kurudisha zikiwa zimeandikwa kwa mkono na muuzaji mwenyewe.